Bwawa Halipendi Ukarimu

Mtu akishuka Sena, huku kwetu Mfangano, kutoka mashua ya Mbita, akapanda njia ya mawe hadi kwangu na kukuta bwawa la samaki nyuma ya jikoni, swali lake huwa lile lile: "Mama, ziwa lote hili halikutoshi?" Si swali la kipumbavu. Mfangano ni kisiwa cha Ziwa Victoria. Popote utakapogeuka unaona maji. Kuchimba shimo mlimani, kulijaza kwa mfereji na pampu, kisha kununua vifaranga vya samaki bara na kuvivusha ziwa lile lile lenye samaki, kwa mgeni ni kazi ya mtu asiye na shughuli.

Mimi nina majibu mawili. La kwanza ni la tumbo na mfuko. Niliuza samaki ufuoni kwa miaka mingi, na mchuuzi wa kike hapangi bei wala saa. Mashua ikichelewa unangoja. Ikirudi tupu, unapanda mlima na beseni tupu. Wapo pia wavuvi wasiompa mwanamke samaki mpaka awe wao kwa mwili. Mtindo huo una jina linalojulikana ufuo mzima, jaboya, na umezika watu wengi tangu ukimwi uingie huku. Bwawa langu halina nahodha. Nikitaka kitoweo natia wavu, na mteja akija bei naitaja mimi.

Jibu la pili ni ziwa lenyewe. Mbuta, yaani sangara, mla samaki wenzake, aliletwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kila mahali. Fulu, samaki wadogo wa rangi nyingi waliokuwa wa mamia ya aina, wengi wao wakatoweka. Hata nyamami, huyu ngege (tilapia) tunayemfuga mabwawani, ni mgeni wa miaka hiyo hiyo ya 1950. Ngege wa asili ya ziwa hili leo ni wa kutafutwa katika maziwa madogo kama Kanyaboli kule Siaya. Wavuvi wameongezeka, matundu ya nyavu yamekuwa madogo, na kuna misimu ambayo omena tu, dagaa wetu, ndiyo huonekana sokoni, nayo ina miezi yake ya kufungwa.

Serikali nayo iliona hivyo. Mwaka 2009, katika mpango wa kuchochea uchumi, ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi, majimbo 140 kwa mkupuo wa kwanza, kila bwawa mita za mraba 300. Baadaye ukaja mradi wa ufugaji samaki wa ABDP uliofadhiliwa na IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, uliofikia kaunti 15, Homa Bay na Migori zikiwemo. Mabwawa yalichimbwa kweli. Mengi ya yale ya mwanzo leo ni makazi ya vyura, na sababu si kwamba wenye mabwawa walikuwa wavivu. Walifundishwa kuchimba na kulisha. Maji hawakufundishwa kuyasoma.

Hapo ndipo penye siri, na ni fupi. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi, upepo wa mchana na wa usiku, na mawimbi yasiyolala. Ukitupa uchafu humo, ziwa linauchukua, ingawa nalo siku hizi linalemewa. Bwawa langu lina mita 10 kwa 15, kina cha sentimita 60 upande mmoja na mita moja na ushee upande wa pili. Chochote kiingiacho humo hukaa humo mpaka mtu akitoe. Ndiyo maana samaki wa nyuma ya nyumba ni nadra kufa kwa njaa. Hufa kwa shibe: chakula kingi, samadi nyingi, vifaranga wengi. Kutunza bwawa, kwa sehemu kubwa, ni kujizuia.

Udongo kwanza

Kisiwa chetu ni cha mawe ya volkano, na udongo wake hubadilika hatua kwa hatua. Mahali pamoja ni mfinyanzi mzuri, hatua ishirini mbele ni kokoto inayokunywa maji yote. Kabla ya kumlipa mtu wa jembe, chukua konzi ya udongo ulio na unyevu, uufinye uwe tonge, urushe juu kidogo na kuudaka. Ukimomonyoka, tafuta mahali pengine. Ukishikamana, bado usiamini. Chimba shimo la kina cha kiuno, ulijaze maji asubuhi, jioni ulijaze tena, lifunike kwa matawi ulale. Kesho yake asubuhi ukikuta maji mengi bado yamo, udongo huo utashika bwawa.

Usiposhika, kuna karatasi nzito ya plastiki ya kutandika chini. Ni ghali, na inabadilisha tabia ya bwawa, kwa kuwa udongo wa chini hauchangii tena rutuba wala haupokei taka. Mwenye bwawa la plastiki anapaswa kuondoa tope la chini mara nyingi zaidi kuliko mwenye bwawa la udongo.

Usichimbe chini ya mwembe. Majani yanayoanguka huoza majini, na kivuli huzuia jua ambalo, kama utakavyoona, ndilo linalowapa samaki pumzi. Usichimbe karibu na mafunjo ya ufuoni pia. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964, na mabwawa ya bondeni yakawa sehemu ya ziwa. Hata bila gharika kama ile, bwawa la ufuoni huingiliwa na kamongo, na kamongo akiingia mwenye bwawa huhesabu hasara.

Upande wa juu wa mteremko chimba mtaro wa kukinga maji ya mvua. Mfangano ni mlima uliosimama majini. Mvua kubwa ikipiga kilele cha Kwitutu, maji hushuka na udongo, samadi ya ng'ombe wa watu, na siku hizi hata dawa za shambani. Dawa ya kuua wadudu, hata kidogo, huweza kuua samaki. Bwawa lipokee maji unayoyajua, kwa bomba moja unaloweza kulifunga.

Mkono hadi kiwiko

Maji mazuri ya bwawa si maangavu. Mgeni anayeona maji ya kijani hudhani ni machafu, kumbe kijani kile ni vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, na ngege huvila. Vijimea hivyo pia ndivyo vinavyotengeneza oksijeni mchana. Bwawa la maji maangavu ni shamba lisilopandwa.

Kijani hicho hupatikana kwa mbolea. Kanuni inayotumiwa sana hapa Kenya ni gramu 50 za samadi kavu kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Kwa bwawa langu hiyo ni kilo saba na nusu. Anayetumia mbolea ya dukani huweka gramu 2 za DAP na gramu 3 za urea kwa mita ya mraba kwa wiki, akiziyeyusha kwanza katika ndoo. Samadi mimi huitia ndani ya gunia, nikalifunga kwenye kigingi pembeni mwa bwawa, nikalitikisa kila siku. Gunia lina faida moja kubwa: unaweza kulitoa. Samadi iliyomwagwa haitoki.

Utajuaje kwamba imetosha? Wataalamu wana kisahani cheusi na cheupe cha upana wa sentimita 20, hukishusha kwa kamba iliyotiwa alama na kuangalia kinapotea wapi. Kikipotea kati ya sentimita 25 na 40, maji ni mazuri. Mimi natumia mkono. Saa sita mchana, jua likiwa juu, napiga goti ukingoni, nakunjua kiganja na kukizamisha polepole, mkono ukiwa umenyooka. Kiganja kikipotea maji yakiwa bado hayajafika katikati ya kigasha, kijani kimezidi: gunia la samadi linatoka siku hiyo hiyo na chakula kinapunguzwa. Kikipotea maji yanapokaribia kiwiko, nafurahi na kuondoka. Maji yakipita kiwiko na bado navihesabu vidole, bwawa lina njaa, naongeza mbolea.

Kipimo hicho kina mtego wake. Baada ya mvua maji huweza kuwa na tope, na kiganja kitapotea upesi ingawa kijani hakuna. Chota maji katika glasi, uiache mezani mpaka jioni. Ikiwa matope yametuama chini na juu kumebaki maji meupe, tatizo ni udongo, wala si rutuba. Tengeneza mtaro na upande nyasi kingoni. Ikiwa kijani kimebaki kimetapakaa, basi mkono ulisema kweli.

Kabla ya mbolea kuna chokaa. Samaki wetu wanataka maji yenye pH kati ya 6.5 na 9, na udongo wenye uchachu hufanya mbolea isishike. Chokaa ya shambani hunyunyizwa kwenye sakafu ya bwawa likiwa tupu, kiasi chake kikitegemea kipimo cha udongo, na mbolea huwekwa wiki mbili hivi baadaye. Chokaa ya kupaka ukuta usiitie penye samaki. Hupandisha pH ghafla na kuwaunguza.

Alfajiri ndipo bwawa husema kweli

Mchana, jua likiwaka, vijimea hutoa oksijeni na samaki hupumua bila shida. Jua likizama kazi hiyo hukoma, lakini kupumua hakukomi. Samaki wanavuta, vijimea vyenyewe vinavuta, na viini vinavyoozesha samadi na mabaki ya chakula navyo vinavuta. Bwawa usiku ni kama chumba kilichofungwa madirisha na jiko la makaa likiwaka ndani. Hewa hupungua saa baada ya saa, na hali huwa mbaya zaidi kabla tu ya kupambazuka. Ngege hupenda maji yenye oksijeni ya miligramu 4 au 5 kwa lita kwenda juu. Ni mvumilivu, huweza kustahimili chini ya hapo kwa muda, lakini uvumilivu wake una mwisho.

Kwa hiyo anayekagua bwawa saa nne asubuhi amechelewa. Wakati huo jua limeshasawazisha mambo. Ukaguzi wa maana ni wa saa kumi na moja alfajiri, kwa tochi.

Jirani yangu mmoja, kijana mwenye bidii, aliniita asubuhi moja ya mawingu. "Mama, njoo uone," akasema, "samaki wamefurahi leo, wote wako juu." Nilifika nikawakuta kweli wako juu, wamejipanga midomo nje, wakimeza hewa, kila mdomo ukifanya kiduara kidogo juu ya maji. Niliupitisha mkono juu yao na hawakushtuka.

"Mwanangu, hawa hawafurahi. Hawa wanakufa."

Mawingu yalikuwa yametanda tangu juzi yake na usiku mvua baridi ilikuwa imenyesha. Alikuwa amesafisha banda la kuku, akamwaga kinyesi chote bwawani, madebe mawili, na juu yake mabaki ya ugali wa matanga, kwa nia njema kabisa. Jua halikuwepo la kutengeneza oksijeni, na uozo ulikuwa karamuni. Mvua baridi nayo huzama hadi chini na kuyapandisha maji ya sakafuni, ambayo hayana hewa.

Tulifungua bomba la chini kwanza, kwa sababu maji mabaya ndiyo yanayokaa chini, tukatoa kama theluthi. Kisha pampu ikavuta maji mapya, tukaunyanyua mpira juu ili maji yaanguke kwa kutawanyika na kubeba hewa, huku watoto wakichota kwa ndoo na kumimina kutoka kimo cha kifua. Tukavua ugali uliobaki kwa chujio. Chakula kikasimama mpaka samaki waliporudi chini na kushtuka tena wakiona kivuli cha mtu. Waliokufa walikuwa wakubwa karibu wote, na hiyo ni alama ya kukumbuka: oksijeni ikikosekana wakubwa hutangulia, sumu ikiingia hufa wakubwa kwa wadogo.

Usidhani haya ni ya mabwawa peke yake. Mwishoni mwa 2022 wenye vizimba ziwani, katika kaunti kadhaa za upande wetu, waliamka na kukuta samaki wamekufa kwa tani. Maelezo ya wataalamu yalikuwa yale yale ya bwawa la kijana huyu: maji ya chini yasiyo na oksijeni yalipanda juu. Tofauti ni kwamba mwenye kizimba hawezi kulifungulia ziwa bomba la chini.

Kanuni yangu ya siku za mawingu ni hii: alfajiri samaki wakiwa juu, hakuna chakula siku hiyo. Kula na kumeng'enya kunataka oksijeni, na samaki asiye na pumzi hali. Chakula kitazama na kuoza.

Mizani jikoni

Wengi hulisha kwa jicho, na jicho lina huruma. Nunua mizani. Kila mwezi vua samaki 20 kwa wavu, uwapime pamoja ndani ya ndoo na uwarudishe upesi. Wakiwa na kilo mbili, kila mmoja ni gramu 100 kwa wastani. Ukiwa na samaki 300, bwawani mna kilo 30. Asilimia tatu ya hizo ni gramu 900, na hicho ndicho chakula cha siku: nusu yake saa nne asubuhi, nusu yake saa kumi jioni, maji yakiwa ya joto na yenye hewa. Vifaranga hula asilimia kubwa zaidi ya uzito wao, wakubwa hupungua.

Tembe zinazoelea ni ghali lakini hukuonyesha ukweli. Zikibaki juu baada ya robo saa, umezidisha. Wasioziweza huchanganya pumba za mchele au za ngano na ochong'a, wale kamba wadogo wanaovuliwa pamoja na omena, wakasaga na kukausha. Mchanganyiko huo huzama, kwa hiyo ulishie mahali pamoja, ndani ya fremu au juu ya trei iliyoshushwa majini, uinyanyue baadaye uone kilichobaki. Tamaa mbele, mauti nyuma: anayetaka samaki wanenepe haraka ndiye anayewajazia sumu.

Sumu yenyewe ni amonia. Samaki huitoa kwa matamvua yake, na chakula kinachooza huizidisha. Katika maji ya joto yenye pH ya juu, yaani alasiri katika bwawa lililozidi kijani, sehemu kubwa ya amonia hiyo hugeuka kuwa ya kuua. Viini vya asili huibadilisha kuwa nitriti, nayo hubadilisha rangi ya damu; samaki mwenye matamvua ya kahawia badala ya mekundu anakueleza hivyo. Dawa ni ile ile: punguza chakula, toa maji ya chini, ingiza mapya. Tope likinuka mayai viza, hapana budi litolewe.

Wingi wa samaki ni shibe nyingine. Wawili au watatu kwa mita ya mraba wanatosha kwa bwawa lisilo na mashine ya hewa. Ngege huzaa mapema na mara kwa mara. Ukiweka majike na madume, baada ya miezi michache utakuwa na mamia ya samaki wa ukubwa wa kidole, wote wanakula, wote wanapumua, hakuna anayekua. Ndiyo sababu wafugaji hununua vifaranga vya madume pekee, au huweka kambare wachache wale watoto wa ngege. Kambare ana uwezo wa kupumua hewa ya juu, hivyo hasumbuki sana maji yakichoka.

Vifaranga wetu huja kwa mashua, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Wavushe alfajiri, jua la gatini Mbita halina huruma. Ukifika, usimimine. Iache mifuko ielee juu ya bwawa kama nusu saa ili joto lilingane, kisha fungua, ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo, uwaache watoke wenyewe.

Wageni wasioalikwa

Bwawa ni tangazo kwa kila mla samaki. Mnandi na mdiria hushuka kutoka juu. Kenge na fisi maji huja usiku kutoka ufuoni. Nyuzi za nailoni zilizopitishwa juu ya maji kwa kukatizana huwasumbua ndege, na ua wa wavu mkuukuu uliofukiwa chini kidogo huwazuia watambaao. Mbwa naye hufanya kazi kuliko wote.

Nyasi zinazoota ndani ya maji, kingoni, zing'oe. Huko ndiko hukaa konokono wa kichocho, ugonjwa ambao sisi wa visiwani tunaujua vizuri. Vaa gambuti ukiingia, mtoto yeyote asikojoe bwawani, na choo kiwe mbali, upande wa chini wa mteremko.

Kuhusu mbu, majirani hulilalamikia bwawa kabla hata halijajazwa. Bwawa lenye ngege na kingo safi huwapunguza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu mabwawa ya Kisii ulionyesha kwamba ngege walipowekwa, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Linalozaa mbu ni bwawa lililotelekezwa, lenye maji na majani lakini halina samaki. Ukiacha kufuga, fukia shimo.

Kuvuna na kupumzisha

Baada ya miezi minane au tisa ngege aliyetunzwa hufika gramu 250 au 300, saizi ya sahani. Vua wote. Mwenye kubakiza bakiza hubaki na vibete na tope la mwaka jana. Toa maji yote, lakini usiyaelekeze kwenye kijito wanakochota watu, yaelekeze shambani. Maji hayo yana mbolea. Sukuma wiki yangu na migomba ya chini ya bwawa hainunuliwi mbolea ya dukani.

Acha sakafu ipigwe jua wiki mbili, mpaka udongo upasuke nyufa. Jua huua mayai ya wadudu, kamongo aliyejificha huonekana, na uozo hukamilika. Komba tope jeusi upeleke shambani, weka chokaa, jaza upya. Huku kwetu panga kazi hiyo kwa mvua. Kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone kuna miduara myekundu na myeupe iliyochorwa zamani, ambayo wenyeji huihusisha na ibada za kuomba mvua. Mwenye bwawa la mlimani haoni ajabu. Ukikausha mwishoni mwa kiangazi, mvua za Machi hadi Mei zitakusaidia kujaza, na pampu itakula petroli kidogo.

Nani asichimbe? Asiye na maji ya kuongeza Januari na Februari, kwa kuwa jua hunywa maji kila siku, na bwawa lisiloongezwa maji halina dawa siku samaki wakija juu. Asiyelala nyumbani, kwa sababu alfajiri hairipotiwi kwa simu. Na anayetaka kurudisha pesa zote kwa msimu mmoja. Wengine wote wanaweza, mradi waanze na bwawa dogo na samaki pungufu ya wale wanaoruhusiwa na vitabu, na daftari la kuandika kila siku rangi ya maji, uzito wa chakula na samaki waliokufa. Afisa wa uvuvi wa wadi akija, daftari hilo litamwambia mengi kuliko wewe utakavyokumbuka.

Msimu wa kwanza utataka kuongeza: kiganja kimoja zaidi cha pumba, debe moja la samadi, mfuko mmoja wa vifaranga ulioupata kwa bei ya chini. Ukiweza kuiacha samadi ghalani siku ambayo mkono umekwambia imetosha, umeshakuwa mfugaji.